JENERALI CHINA: ASKARI ALIYESOMEA GEREZANI

Wapo wenzetu humu shuleni wasemao ati vitabu ni vya nini, wao wataingia jeshini. Hebu wasikilize kisa cha Waruhiu Itote.

Itote alizaliwa mwaka wa 1922 huko Nyeri. Shule aliionja tu, sekondari hakuifikia. Akiwa kijana alitorokea Nairobi kutafuta riziki. Mnamo Januari 1942 akajiandikisha katika jeshi la King's African Rifles. Siku hizo Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepamba moto, na Waingereza walitaka askari, si vyeti. Akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Kule msituni alijifunza kujificha, kuvizia na kuongoza wenziwe. Aliona pia kwamba risasi haichagui mweupe wala mweusi. Akaanza kujiuliza anapigania nchi ya nani.

Vita vilipokwisha alirudi nyumbani, akafanya kazi katika reli. Ardhi na haki, wapi! Basi akala kiapo cha Mau Mau, akaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya kwa jina la Jenerali China. Mafunzo ya Burma yakawageukia wenyewe walioyatoa!

Januari 1954 alijeruhiwa, akashikwa, akahukumiwa kunyongwa. Alinusurika baada ya kukubali kusaidia mazungumzo na wapiganaji waliobaki msituni, jambo ambalo wengine walimlaumu. Akapelekwa gereza la Lokitaung, kule Turkana kwenye jua kali. Humo alimkuta Mzee Jomo Kenyatta, naye Mzee akamfundisha Kiingereza. Lo! Jenerali mzima aliyetetemesha serikali, ameketi kama mtoto wa darasa la kwanza! Wala hakuona haya.

Alifunguliwa mwaka wa 1962. Baada ya uhuru alitumikia Huduma ya Vijana kwa Taifa, na mwaka wa 1967 kitabu chake kuhusu maisha yake kikatoka. Aliaga dunia mwaka wa 1993.

Wenzangu, siku hizi hata jeshi lenyewe linadai cheti cha KCSE. Lakini tusisome kwa ajili ya cheti tu. Bunduki Itote alipewa bure, elimu akaitafuta mpaka jela. Yeye alisoma akiwa mfungwa. Sisi tu huru, na bado twatoroka shule kupitia tundu la ua!