Van Gogh hakuona haya kurudi kwa mazoezi ya mwanagenzi

Vincent van Gogh anafahamika na wengi wetu kwa mambo mawili: sikio alilojikata na maua ya alizeti aliyoyachora. Kutokana na hayo mawili, watu wamejijengea dhana kwamba mchoraji huyu Mholanzi alikuwa mwendawazimu aliyejaliwa kipaji, akaitupa rangi kwenye turubai nayo ikageuka picha pasipo mafunzo wala mazoezi. Dhana hii ina madhara. Inamwambia mwanafunzi ashindwaye kuchora mkono kwamba hakujaliwa, na inamwambia yule awezaye kwamba keshafika. Ilhali yeyote atakayeyafuatilia maisha ya mtu huyu ataona kwamba katika miaka 10 aliyoishi kama msanii, aliyarudia mazoezi ya mwanagenzi tena na tena, na alipoyataka kwa mara ya mwisho alikuwa amebakiza muda usiotimia miezi miwili duniani.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 katika kijiji cha Zundert, kusini mwa Uholanzi, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti. Alipotimu miaka 16 aliajiriwa na kampuni ya Goupil iliyouza picha, ikampeleka The Hague, London na Paris, kisha ikamwachisha kazi mwaka wa 1876. Alijaribu ualimu huko Uingereza, akauza vitabu, akaanza masomo ya theolojia na kuyaacha, akawahubiria wachimba makaa ya mawe wa Borinage nchini Ubelgiji. Huko nako wakubwa wake walikataa kumwongezea muda. Ndipo mwaka wa 1880, akiwa na umri wa miaka 27, alipoamua kuwa mchoraji.

Hebu tutazame alivyoanza. Alipata kozi ya uchoraji iliyoandaliwa na Mfaransa Charles Bargue na kuchapishwa na hao hao Goupil waliomfukuza. Sehemu moja ya kozi hiyo ilikuwa na kurasa 60 za miili ya watu wasio na nguo, ambazo mwanafunzi alitakiwa kuzinakili kwa mkaa. Kazi yenyewe inachosha. Kwanza umbo zima huzingirwa kwa mistari michache iliyonyooka ili uwiano wa viungo upatikane. Kisha mistari ile huvunjwa kidogo kidogo ikawa mipindo. Hatimaye hutengwa palipo na mwanga na palipo na kivuli. Van Gogh alizichora kurasa zote 60, na alipozimaliza akazianza upya.

Sisi tunaofundisha isimu tunalifahamu jambo hili katika taaluma yetu. Mwanafunzi hufaulu mtihani wa fonetiki katika mwaka wa kwanza, na afikapo mwaka wa nne hawezi tena kuzitofautisha sauti alizokuwa akizitambua bila taabu. Nadharia ingali kichwani na anaweza kuieleza vizuri tu. Kilichomtoka ni mazoea ya kusikiliza. Jicho na mkono wa mchoraji huwa vivyo hivyo.

Mwishoni mwa mwaka wa 1881 Van Gogh alihamia The Hague, ambako jamaa yake kwa ndoa, mchoraji Anton Mauve, alikubali kumfunza. Mauve alimtaka achore sanamu za plasta. Van Gogh alitaka watu walio hai. Wakakosana, na mwanafunzi akazivunja sanamu zile kwa hasira. Katika ugomvi huo nadhani kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya haki. Sanamu haichoki, haipumui wala haijikuni, kwa hiyo mwanagenzi hupata wasaa wa kuipima. Lakini haiwezi kumfunza uzito. Mtu anayesimama huuegemeza mwili kwenye mguu mmoja, nyonga ya upande huo ikapanda na bega likashuka. Na baada ya robo saa yote hayo yamekwisha kubadilika. Anayechora watu hana budi kuyaona hayo kwa macho yake.

Watu wa kuchorwa hawakuja bure. Nduguye mdogo, Theo, aliyekuwa mfanyabiashara wa picha, alimtumia fedha za matumizi, na sehemu kubwa yake iliishia mikononi mwa wazee, wanawake na watoto waliokubali kuketi mbele yake. Mmoja wao alikuwa Sien Hoornik, mwanamke maskini aliyekuwa mjamzito, ambaye Van Gogh aliishi naye na kumchora mwaka wa 1882 akiwa uchi, kajikunyata, uso kaulaza mikononi. Mwingine alikuwa Adrianus Zuyderland, mzee aliyetunzwa katika nyumba ya wazee maskini, aliyechorwa mara nyingi: mara amevaa kofia ndefu, mara ameketi kitini na kuuficha uso katika ngumi zake. Mara nyingi mchoraji mwenyewe alishinda kwa mkate mtupu.

Huko Nuenen, alikoishi tangu Desemba 1883, alizichora nyuso za wakulima kwa makumi katika majira ya baridi ya 1884 na 1885. Kutokana na mazoezi hayo ilizaliwa picha ya Wala Viazi, aliyoikamilisha mwaka wa 1885. Aliitukuza mno. Rafiki yake, mchoraji Anthon van Rappard, aliona nakala yake ya chapa akaishutumu vikali kwa jinsi miili ilivyochorwa. Urafiki wao haukupona. Hata hivyo, tazameni alichokifanya aliyeshutumiwa. Kwa ukali alimjibu Rappard, lakini majira ya kiangazi ya mwaka huo huo alitoka mashambani na chaki nyeusi akawachora wavunaji, wafunga miganda na wachimba viazi kwenye karatasi kubwa. Safari hii hakuanza na mstari wa ukingo. Alianza na wingi wa mwili wenyewe, tumbo, mgongo na mapaja, mafunzo aliyoyaokota katika maandishi juu ya mchoraji Delacroix. Wakulima wa michoro hii wana nyama na mifupa, na ukiniuliza, nitaichagua mbele ya Wala Viazi.

Mazoezi hayo yalikatizwa na uvumi. Msichana mmoja aliyewahi kuchorwa naye alipata mimba, wanakijiji wakamnyoshea mchoraji kidole, na kasisi wa Kikatoliki akawakataza waumini wake kukaa wachorwe.

Mnamo Novemba 1885 alihamia Antwerp, na Januari 1886 akajiandikisha katika chuo cha sanaa cha mji huo. Alikuwa na umri wa miaka 32 na alikwisha kuchora mamia ya michoro. Aliketi pamoja na vijana mbele ya zile zile sanamu za plasta alizozivunja kwa Mauve, na ulipoingia usiku alikwenda katika vilabu ambako wachoraji walichanga fedha ili wamlipe mtu wa kuchorwa. Walimu hawakupendezwa na mistari yake minene. Mwishoni mwa Machi baraza la chuo liliamua ashushwe hadi darasa la wanaoanza. Uamuzi huo haukumkuta. Alikuwa amekwenda zake Paris mwezi mmoja kabla. Huko nako alijiunga kwa miezi michache na studio ya Fernand Cormon, ambamo walichorwa watu walio hai, akafahamiana na Toulouse-Lautrec na Émile Bernard.

Miaka yake mashuhuri, ya Arles tangu 1888, ndiyo iliyompa rangi ile tuijuayo sote. Lakini watu wa kuchorwa walikuwa adimu, na baada ya kuugua na kuingia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy mwezi wa Mei 1889, waliadimika zaidi. Akatumia alichonacho: chapa za michoro ya Millet, zisizo na rangi, akazigeuza kuwa picha za rangi za mafuta. Katika miezi yake ya mwisho hospitalini alimrudia hata mzee Zuyderland, akiitumia chapa aliyoitengeneza mwenyewe miaka minane nyuma.

Mei 1890 alitoka Saint-Rémy akahamia Auvers, karibu na Paris. Kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kuuchora ule usiku wa nyota, na wahakiki walikuwa wameanza kumwandika kwa sifa. Mapema mwezi wa Juni alimwandikia Theo akiomba aazimwe zile kurasa 60 za Bargue. Alikusudia kuzinakili zote, na alikadiria zingemchukua kama mwezi mmoja. Aliona kwamba asipojifunza tena uwiano wa mwili wa mtu, angekuja kujuta baadaye. Alifariki tarehe 29 Julai, siku mbili baada ya kujipiga risasi, akiwa na umri wa miaka 37.