Ronald Ngala: Mwalimu wa Mbale Kabla ya Siasa

Jina la marehemu Ronald Gideon Ngala limeandikwa kwenye kibao cha mojawapo ya barabara zenye msongamano mkubwa jijini Nairobi. Wengi wapitao hapo humjua, ikiwa wamjua, kwa neno moja tu: majimbo. Makala haya hayanuii kuufufua mjadala huo wote. Yananuia kumrejesha marehemu mahali ambapo waandishi wengi wa historia humpitia kwa sentensi moja, yaani darasani, na hasa katika vilima vya Taita.

Ngala alizaliwa yapata mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama. Masomo yalimfikisha Alliance, kule Kikuyu, na hatimaye Makerere, alikohitimu ualimu. Vijana wa Kimijikenda waliofika Makerere katika miaka ya 1940 walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Msomi wa namna hiyo angeweza kujitafutia nafasi mjini na kuwasahau wa kwao. Yeye alishika chaki.

Mwaka 1949 shirika la Eagle Press la Nairobi lilichapisha kitabu chake, Nchi na Desturi za Wagiriama. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kutua kidogo hapa. Mwandishi alikuwa Mgiriama, habari alizozisimulia zilikuwa za Wagiriama, lakini lugha aliyoichagua ilikuwa Kiswahili. Angeandika kwa Kigiriama, kitabu kingesomwa na waliokwisha kuzijua desturi hizo. Angeandika kwa Kiingereza, kingesomwa na maafisa wa serikali ya kikoloni. Kwa Kiswahili, Mdawida, Mpokomo na Mdigo waliweza kumjua jirani yao. Tunapoorodhesha waandishi wa nathari wa pwani ya Kenya humtaja James Mbotela, na ni haki yake, ila Ngala husahaulika kana kwamba siasa ilimfutia uandishi.

Baada ya hapo tunamkuta Taita, akiwa mwalimu mkuu wa shule ya Mbale. Safari ya kufika huko si sawa na kutoka Kaloleni kwenda Mombasa. Msafiri wa zama hizo aliweza kushuka garimoshi Voi, katika nyika kavu yenye joto, kisha akaanza kupanda kuelekea vilimani, kwenye ukungu, migomba na mashamba ya ngazi. Mbale na Wusi ni miongoni mwa vituo vya kale vya misheni ya Kianglikana katika vilima hivyo. Kazi ya wamisionari hao miongoni mwa Wataita ilianzia Sagalla, mwaka 1883. Kwa hiyo shule aliyopokea Ngala ilisimama katika nchi iliyokwisha kuonja elimu na kuitamani zaidi, na wazazi wa nchi kama hiyo humpima mwalimu kwa jicho kali.

Wanafunzi walizungumza Kidawida nyumbani. Mwalimu wao mkuu alizaliwa katika Kigiriama. Kati yao palikuwa na Kiswahili, pamoja na Kiingereza cha vitabu. Mimi naamini kwamba hapo ndipo tunapopaswa kuanza kumwelewa Ngala: alikuwa mtu wa jamii moja ndogo aliyekabidhiwa watoto wa jamii nyingine ndogo, nao ni watoto wa watu, akalazimika kuwalea kama wake.

Kutoka Mbale alihamia Mombasa, akaongoza shule ya Buxton, kisha akawa msimamizi wa shule. Machi 1957 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza waliochaguliwa kwa kura. Mwaka 1960 akawa rais wa chama cha KADU, kilichokusanya jamii zilizohofia kumezwa na zile kubwa.

Jambo lililomtia doa machoni pa wengi lilitokea mwaka 1961. KANU ilishinda uchaguzi lakini ikakataa kuunda serikali kabla ya Jomo Kenyatta kufunguliwa. KADU ilikubali, na Ngala akawa kiongozi wa shughuli za serikali na pia Waziri wa Elimu. Wapinzani wake walimwona kibaraka. Lawama hiyo haikukosa msingi, maana Kenyatta alikuwa bado kizuizini hadi Agosti mwaka huo. Hata hivyo, ni vigumu kupuuza kwamba mwalimu wa Mbale alikuwa sasa amewekewa mezani shule zote za nchi.

Novemba 1964 KADU ilivunjwa, na Ngala, aliyekuwa kiongozi wa upinzani bungeni, akavuka na wenzake kujiunga na KANU. Wako wanaosema alisalimu amri mapema mno. Mnamo 1966 alirudi katika baraza la mawaziri, akabaki humo hadi mwisho wa maisha yake.

Mwisho huo ulianza Desemba 1972, gari lake lilipopata ajali karibu na Konza, katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Dereva alieleza kwamba nyuki walikuwa wameingia garini. Maelezo hayo hayakuwaridhisha watu wengi wa pwani, na hadi leo yanatiliwa shaka. Ngala alifariki tarehe 25, siku ya Krismasi, ambayo katika nyumba za Kikristo za Kaloleni na za Mbale hungojewa mwaka mzima na watoto.

Aliacha mjane na watoto. Mmoja wao, Noah Katana Ngala, alifuata nyayo za baba katika siasa, akawa mbunge wa Ganze na waziri. Serikali nayo, miaka mingi baadaye, iliamua kukipa chuo cha Vipingo, Kilifi, jina la marehemu. Ni chuo cha utalii.