Bosanquet, Mwingereza aliyebuni mpira wa hila katika kriketi

Wapenzi wa michezo Afrika Mashariki wanaikumbuka Februari 24, 2003, siku Collins Obuya alipowatoa wachezaji 5 wa Sri Lanka kwa mipira ya polepole yenye kuzunguka, na Kenya ikashinda mjini Nairobi katika Kombe la Dunia la kriketi. Hila kubwa ya urushaji wa aina hiyo ilitoka Middlesex, jimbo la zamani ambalo Hounslow, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow, ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 1965.

Bernard Bosanquet alizaliwa Oktoba 13, 1877, huko Enfield. Mnamo mwaka 1897, akiwa mwanafunzi Oxford, alipenda mchezo wa kudundisha mpira wa tenisi juu ya meza ili mwenzake wa upande wa pili ashindwe kuudaka. Akagundua kwamba akikunja kifundo cha mkono, mpira hutokea nyuma ya kiganja na kuzunguka kinyume na ishara ya mkono. Mpigaji hutarajia mpira umkimbie, kumbe unamjia miguuni! Mpira huo uliitwa gugli.

Mwanzoni ulionekana mzaha. Mwaka 1900, katika uwanja wa Lord's, Samuel Coe wa Leicestershire alibakiwa na mikimbio 2 tu kutimiza 100 alipotolewa kwa mpira uliodunda mara 4.

Mzaha huo uliisha Sydney, Machi 1904. Bosanquet aliwatoa Waaustralia 6 kwa mikimbio 51 na England ikatwaa tena taji la Ashes. Mwaka uliofuata, Nottingham, aliwatoa 8.

Hata hivyo hakuwahi kuumudu vizuri mpira wake mwenyewe. Siku nyingine ulikwenda ovyo kabisa. Wapo waliomlaumu kuwa ameharibu mchezo kwa udanganyifu, na mwaka 1925 alikuwa bado akijitetea magazetini.

Aliyenufaika zaidi ni Reginald Schwarz, aliyewahi kucheza naye Middlesex kabla ya kuhamia Afrika Kusini. Schwarz alijifunza hila hiyo kwake, akawafundisha wenzake, na katika msimu wa 1905-06 Afrika Kusini ikaifunga England mechi 4 kwa 1.

Schwarz alifariki kwa homa ya mafua nchini Ufaransa Novemba 1918, siku 7 baada ya vita kusimama. Bosanquet alifariki Oktoba 12, 1936, siku moja kabla ya kutimiza miaka 59.