Dakta Denis Burkitt na Uvimbe wa Taya

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli nyingi mno, zisizoonekana kwa macho matupu. Ukijikata kidole, seli za ngozi hugawanyika mpaka jeraha lizibe, kisha hutulia. Lakini mara nyingine seli moja huharibika na kuacha utaratibu huo. Hugawanyika bila kukoma na kufanya uvimbe. Ugonjwa huo huitwa saratani, au kansa. Katika somo hili tutasoma habari za daktari aliyechunguza saratani moja ya watoto katika Afrika Mashariki.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 katika mji wa Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa na jiwe, akapoteza jicho la kulia. Hata hivyo alisoma udaktari mjini Dublin, akawa mpasuaji. Mwaka 1946 alikuja Uganda, akafanya kazi Lira, kisha katika Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 Dakta Hugh Trowell alimwita Burkitt amtazame mtoto mmoja wa kiume. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Baada ya majuma machache, mjini Jinja, Burkitt aliona mtoto wa kike mwenye uvimbe kama ule tayani na mwingine tumboni. Alichunguza kumbukumbu za hospitali, akakuta watoto wengine waliovimba taya, figo au ini. Akatambua kwamba magonjwa yaliyodhaniwa kuwa mbalimbali yalikuwa ugonjwa mmoja.

Saratani hii huanza katika seli nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Seli moja ikigeuka, huzaa mbili, mbili huzaa nne, nne huzaa nane. Uvimbe huu ni miongoni mwa ile inayokua upesi kuliko yote. Seli zake huweza kuenea mwilini na kuota mahali pengine. Kwa hiyo kisu cha mpasuaji hakikutosha, maana kiliondoa uvimbe mmoja na kuacha mingine. Burkitt alijaribu dawa zinazopita katika damu, ambazo hufika kila mahali seli zilipo. Baadhi ya watoto waliokuwa karibu kufa walipona.

Burkitt alitaka kujua pia ugonjwa huu ulipatikana wapi. Alipeleka picha na maswali katika hospitali nyingi za Afrika. Mwezi wa Oktoba 1961 yeye, Dakta Ted Williams na Dakta Cliff Nelson waliondoka Kampala kwa gari kuukuu. Kwa muda wa majuma 10 walisafiri kilomita 16,000 hivi, wakapita Tanganyika na kufika kusini mwa Afrika. Waligundua kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi katika nchi zenye joto na mvua, na ulikuwa haba kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama zile za Rwanda na Burundi. Hapo ndipo madaktari walipoanza kufikiri juu ya mbu.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alikuwa ametoa hotuba London. Anthony Epstein aliisikiliza, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Uganda. Mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameona virusi ndani ya seli hizo.

Leo tunajua kwamba virusi hivyo vimo katika miili ya watu wengi, nao hawaugui saratani. Lakini mtoto akipatwa na malaria mara kwa mara, kinga yake hudhoofika na seli nyeupe huongezeka mno. Katika kugawanyika huko, sehemu ya maagizo ya seli huweza kukatika na kuungwa mahali pasipo pake. Seli hiyo haitulii tena.

Dakta Burkitt alifariki mwaka 1993. Ugonjwa ule huitwa kwa jina lake mpaka leo.

Tazama ramani ya Mkoa wa Kagera. Vilima vya Ngara hupakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko upande wa mashariki, kuelekea Ziwa Viktoria. Malaria imo katika wilaya zote mbili. Basi kila mtoto na alale ndani ya chandarua. Tena, mtoto akivimba taya au tumbo, au meno yake yakilegea bila sababu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe huu hauambukizi, wala haufai kuchanjwa au kukandwa. Mtoto akiwahi kupata dawa, anaweza kupona.

Maswali
1. Kwa nini kisu cha mpasuaji hakikutosha kuponya ugonjwa huu?
2. Burkitt na wenzake waligundua nini katika safari yao?
3. Eleza jinsi malaria inavyosaidia kuleta saratani hii.
4. Seli moja ikigawanyika mara 10, zitapatikana seli ngapi?