Isaac Newton: Aliyeitangaza Kanuni na Kuificha Imani

Wako watu wanaodhani kwamba elimu ya maumbile na dini ni maadui wawili wasiopatana, na kwamba kadiri mtu anavyozidi kujua namna jua na mwezi vinavyokwenda, ndivyo imani yake kwa Muumba inavyopungua. Wenye dhana hiyo wangefanya vema kuyasoma maisha ya Isaac Newton, mwanachuoni wa Kiingereza aliyewaeleza walimwengu kanuni ya uvutano. Mtu huyu alitumia miaka mingi ya umri wake kuichunguza dini, na uchunguzi wake ukamfikisha kwenye jambo ambalo sisi Waislamu tunalishuhudia kila siku katika sala zetu, yaani kwamba anayestahili kuabudiwa ni Mmoja tu. Lakini jambo hilo hakulitangaza mpaka kufa kwake. Kwa nini alilificha, nasi tujifunze nini? Hayo ndiyo ninayokusudia kukueleza.

KUZALIWA NA UTOTO WAKE

Newton alizaliwa katika kijiji cha Woolsthorpe, jimbo la Lincolnshire, tarehe 25 Desemba 1642 kwa kalenda iliyotumika Uingereza wakati ule. Kwa kalenda ya leo ni tarehe 4 Januari 1643. Baba yake, mkulima asiyeweza hata kuandika jina lake, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo na dhaifu, hata waliokuwapo hawakutumaini kwamba angeishi. Alipotimiza miaka mitatu mama yake aliolewa na padri wa kijiji cha jirani, akamwacha kwa bibi yake. Hivyo alikua mpweke, mwenye kupenda kutengeneza vitu kwa mikono yake kuliko kucheza na wenzake.

Mama yake alipofiwa na mume wa pili alimtoa kijana huyu katika shule ya Grantham ili awe mkulima. Kazi hiyo haikumfaa hata kidogo. Kondoo waliingia katika mashamba ya watu naye ameinamia kitabu. Mjomba wake na mwalimu mkuu wa shule wakamsihi mama amrudishe masomoni. Basi mwezi wa Juni 1661 alipokelewa Cambridge, katika chuo kiitwacho Trinity, yaani Chuo cha Utatu, akiwa mmoja wa wanafunzi maskini waliojipatia masomo kwa kuwatumikia wengine. Nakuomba ulikumbuke jina la chuo hicho, maana tutalirudia.

TUFAA NA MWEZI

Mwaka 1665 tauni iliingia Uingereza, chuo kikafungwa, na Newton akarudi kijijini. Kwa muda wa miaka ipatayo miwili, hali hajafika umri wa miaka 25, alianzisha namna mpya ya hisabati, akachunguza jinsi mwanga mweupe unavyotengana kuwa rangi nyingi ukipita katika kioo chenye pembe tatu, tena akaanza kuutafakari mwezi.

Katika uzee wake alisimulia kwamba kuanguka kwa tufaa ndiko kulikomwamsha katika fikira hiyo. Habari ya kwamba tunda lilimpiga kichwani ni nyongeza ya watu. Kwa hakika wanadamu wameona matunda yakianguka tangu zama za kale. Lililokuwa jipya ni swali alilojiuliza. Kani hii inayovuta tunda inaishia wapi? Iko kileleni pa mti, iko kileleni pa mlima. Kwa nini isifike mpaka mwezini? Kabla yake, kwa karne nyingi wanachuoni wengi walifuata rai ya Aristotle kwamba mbingu zina kanuni zake na ardhi ina zake. Newton aliuliza kama kanuni si moja tu.

Hapana shaka utauliza: ikiwa ardhi inauvuta mwezi, mbona hauanguki? Fikiri mtu amesimama juu ya mlima mrefu sana akitupa jiwe mbele yake. Akilitupa kwa nguvu kidogo litaanguka karibu. Akizidisha nguvu litaanguka mbali. Sasa chukulia kwamba hakuna hewa ya kulizuia, naye analitupa kwa kasi kubwa sana. Jiwe litazidi kuanguka, lakini kwa kuwa ardhi ni mviringo nayo inazidi kuinama chini yake, halitaigusa kamwe, bali litaizunguka. Hivyo ndivyo ulivyo mwezi. Unaanguka daima, wala haufiki chini.

Dai hili lilihitaji kupimwa. Umbali wa kutoka kati ya ardhi mpaka mwezini ni karibu mara 60 ya umbali wa kutoka kati ya ardhi mpaka juu ya uso wake. Newton alikisia kwamba uvutano hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara 2, kani huwa robo, ukiwa mara 3, huwa moja ya tisa. Basi mwezini kani hiyo iwe imepungua mara 60 kwa 60, yaani mara 3,600. Jiwe likiachiliwa karibu na ardhi huanguka kama mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Hesabu ya mwendo wa mwezi inaonyesha kwamba huo nao huanguka kiasi hicho hicho cha mita 4.9, ila kwa muda wa dakika nzima. Na kwa kuwa umbali wa kuanguka huongezeka kwa mraba wa wakati, dakika moja yenye sekunde 60 inalingana barabara na ule upungufu wa mara 3,600. Tunda la bustanini na mwezi wa mbinguni vikakutwa vinatii amri moja.

KITABU CHAKE NA KANUNI ZAKE

Newton hakuwa mwepesi wa kutangaza. Mwaka 1669 alifanywa profesa wa hisabati, akiwa na umri wa miaka 26, lakini hesabu za uvutano alikaa nazo. Mwezi wa Agosti 1684 mwanafalaki Edmond Halley alimwendea akamwuliza sayari itafuata njia gani ikiwa jua laivuta kwa kani inayopungua kwa mraba wa umbali. Newton alijibu mara moja kwamba njia hiyo ni duaradufu, na kwamba alikwisha kuikokotoa. Alipoitafuta karatasi hakuiona! Halley akamhimiza aiandike upya. Ndivyo kilivyopatikana kile kitabu cha Kilatini kijulikanacho kwa kifupi kama Principia, kilichotoka mwaka 1687. Gharama za kukichapa alizitoa Halley mwenyewe.

Katika kitabu hicho aliweka kanuni tatu za mwendo. Ya kwanza: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa mstari ulionyooka kwa kasi ile ile, mpaka kani fulani ikibadilishe. Ya pili huandikwa siku hizi hivi: F = ma. Hapa F ni kani. M ni tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo katika kitu. Na a ni mchapuko, yaani kadiri kasi inavyobadilika kila sekunde. Ya tatu: kila kani ina kani ya kuijibu, iliyo sawa nayo na yenye kuelekea upande wa pili.

Ama kanuni ya uvutano huandikwa: F = Gm₁m₂/r². Maana yake ni kwamba kila kitu chenye maada humvuta mwenziwe. Tungamo zikizidi kani huzidi, na umbali r ukizidi kani hupungua kwa mraba wake. G ni tarakimu isiyobadilika, nayo ni ndogo mno: 6.67 × 10⁻¹¹ kwa vipimo vya mita, kilo na sekunde. Ndiyo sababu watu wawili waliokaa pamoja hawahisi kuvutana, ilhali ardhi nzima, kwa ukubwa wake, humvuta mtu mwenye tungamo la kilo 60 kwa kani ya karibu 588, katika kipimo kilichopewa jina la newton kwa heshima ya mwanachuoni huyo.

Ushahidi wa kanuni hiyo uliendelea kujitokeza baada ya kufa kwake. Halley aliitumia kubashiri kurudi kwa nyota moja yenye mkia. Nayo ilionekana tena Desemba 1758, hali Halley amekwisha kufa. Mwaka 1846 sayari ya Neptuni ilipatikana mahali ilipoonyeshwa na hesabu. Baadaye ikadhihirika kwamba mwendo wa sayari ya Zebaki una tofauti ndogo isiyoelezeka kwa kanuni hii, mpaka Albert Einstein alipoieleza mwaka 1915. Elimu ya mwanadamu haina ukamilifu, na juu ya kila mwenye elimu yuko Ajuaye zaidi.

KANUNI MOJA, MUUMBA MMOJA

Newton hakudai kwamba ameijua asili ya uvutano. Katika chapa ya pili ya kitabu chake, mwaka 1713, alikiri kwamba sababu yake hajaipata, wala hatatunga dhana tupu. Humo humo alieleza kwamba mpango mzuri wa jua na sayari haukuweza kutokea ila kwa shauri na mamlaka ya Mwenye akili na uwezo, anayevitawala vitu vyote akiwa Bwana wa vyote.

Msomaji wa Kurani Tukufu hawezi kuyasikia haya bila kuikumbuka Sura Raad, aya ya 3, inayotufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu ameziinua mbingu pasipo nguzo za kuonekana kwa macho. Sisi hufundishwa kwamba neno la Mungu na kazi ya Mungu haviwezi kupingana, kwa kuwa vyatoka kwa Mmoja.

SIRI YA CHUO CHA UTATU

Sasa turudi kwenye jina la chuo. Sheria ilimtaka Newton apokee daraja la upadri wa Kanisa la Uingereza ili aendelee kuwa mwanachama wa chuo. Katika miaka ya 1670 alianza kuisoma Biblia na vitabu vya viongozi wa Kanisa wa kale kwa bidii ile ile aliyoitumia kuupima mwezi. Matokeo yakamtisha. Alisadiki kwamba mafundisho ya Utatu hayakuwa ya Wakristo wa kwanza, bali yaliingizwa katika karne ya nne, zama za Baraza la Nikea la mwaka 325 na mabishano yaliyofuata; na kwamba kumwabudu Kristo kama Mungu ni ibada ya sanamu. Mwaka 1675 ruhusa ya mfalme ilimwepusha na upadri, akabaki katika Chuo cha Utatu bila kuuamini Utatu.

Mwaka 1690 alimpelekea rafiki yake John Locke maandishi ya kuonyesha kwamba maneno ya aya mbili za Biblia yalibadilishwa ili kuutia nguvu Utatu: Waraka wa Kwanza wa Yohana 5:7, na Waraka wa Kwanza kwa Timotheo 3:16. Locke alipotaka yachapwe Uholanzi bila jina la mwandishi, Newton aliingiwa na hofu akayazuia. Yalichapwa mwaka 1754, miaka 27 baada ya kufa kwake. Leo tafsiri nyingi za Biblia zimeyaacha maneno yale ya Yohana ya kuwataja mashahidi watatu wa mbinguni, au zimeyaweka pembeni.

Hofu yake haikuwa bure. Sheria ya mwaka 1689 iliyowapa uhuru Waprotestanti wengi iliwatoa nje wanaoukana Utatu. Januari 1697, mjini Edinburgh, mwanafunzi Thomas Aikenhead alinyongwa kwa kosa la kukufuru, na kuukana Utatu kulikuwa miongoni mwa mashitaka yake. Mwaka 1710 William Whiston, aliyerithi kiti cha Newton Cambridge, alifukuzwa kwa kuitangaza itikadi kama hiyo. Wakati huo Newton alikuwa mkuu wa mtambo wa fedha wa serikali, Rais wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi, tena ameheshimiwa na malkia. Alinyamaza.

Kwa kalenda ya leo, alifariki tarehe 31 Machi 1727, baada ya kuikataa sakramenti ya Kanisa kitandani pake. Wakamzika kwa heshima kubwa katika Kanisa la Westminster. Karatasi zake za dini zilihesabiwa hazifai kuchapwa, zikafichwa, mpaka ziliponadiwa London mwaka 1936. Sehemu kubwa yake imehifadhiwa Jerusalem.

MAFUNZO KWETU

Hatusemi kwamba Newton alikuwa Mwislamu. Aliishikilia Biblia, na aliyoyaamini juu ya Nabii Isa a.s. si yale tuyaaminiyo sisi. Wala hatumhukumu; ya moyoni anayajua Mungu. Lakini Kurani Tukufu katika Sura Al-Mumin inatutajia mtu mmoja wa jamaa ya Firauni aliyekuwa akiificha imani yake. Ilipofika saa ya kumtetea Musa a.s. asiuawe, mtu yule alisimama mbele ya wakubwa wake akasema. Kuficha kwake kulikuwa na mpaka.

Katika zama zetu tulimwona Profesa Abdus Salam, aliyesoma katika mji huo huo wa Cambridge, na mwaka 1979 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba kani mbili za maumbile, ya sumakuumeme na ile iitwayo kani dhaifu, asili yake ni moja. Mwaka 1974 nchi yake ya Pakistani iliwatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu. Yeye hakuikana imani yake wala hakuificha. Alifariki mwaka 1996 akazikwa Rabwah, na neno Mwislamu likafutwa juu ya jiwe la kaburi lake. Jiwe lilifutwa, ushahidi wa maisha yake haukufutika.

Ndugu msomaji, yamkini wewe nawe umesoma, ukapima, na moyo wako umekwisha kutulia juu ya Umoja wa Mwenyezi Mungu, ila wawaogopa jamaa, au mwajiri, au majirani. Hofu yako twaijua, wala hatuidharau. Lakini angalia: kanuni ya mwezi ilitangazwa ikawanufaisha walimwengu wote, ukweli uliofungiwa sandukuni haukumwongoza hata jirani. Basi muombe Mola wako usiku, tafuta nguvu kwake, kisha useme kwa upole yale uliyoyajua.

Mwenyezi Mungu atujalie elimu yenye kuongeza imani, na imani yenye ushujaa. Amin.