Lord Byron: Aliyechechemea nchi kavu, akatamba majini

Ukurasa huu tunautumia kuwaelezeni kwa kirefu habari za watu ambao hewani tunapata dakika chache tu za kuwataja. Leo ni zamu ya Lord Byron, mshairi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1824. Duniani anajulikana kwa mashairi yake. Sisi tumevutiwa na upande mwingine wa maisha yake. Alizaliwa na mguu mbovu, lakini akawa mwogeleaji aliyesifika katika Bahari ya Mediterania, ile bahari iliyo kati ya Afrika Kaskazini na Ulaya. Rafiki yake, aliyekuwa na miguu yote miwili mizima, alikufa maji katika bahari hiyo hiyo.

Mtoto wa mguu uliopinda

George Gordon Byron alizaliwa London tarehe 22 Januari 1788. Mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda tangu tumboni. Baba yake alikuwa mtu wa anasa na madeni, na alifia Ufaransa mtoto akiwa na miaka mitatu. Mama alimlea peke yake katika mji wa Aberdeen, Scotland, kwa fedha za kubana.

Alipofika miaka 10, ndugu wa babu yake alifariki bila mrithi wa karibu. Mtoto yule akarithi cheo cha Lord, pamoja na jumba kuukuu lililokuwa likibomoka. Cheo hakikunyoosha mguu. Katika mji wa Nottingham alipelekwa kwa mtu aliyejiita mganga wa miguu, ambaye aliubana mguu ndani ya kifaa cha mbao. Mtoto aliumia sana, na mguu ukabaki vilevile.

Shuleni alichekwa. Kukimbia na wenzake kulimshinda, ingawa hakuacha kujaribu. Majini mambo yalikuwa tofauti. Mtu akiwa ndani ya maji, uzito wa mwili hubebwa na maji yenyewe, na mguu haulazimiki kuubeba. Mikono, kifua na pumzi ndivyo vinavyofanya kazi kubwa. Byron aligundua kwamba huko hakuna wa kumwita kiwete. Alianza mitoni, na akiwa kijana wa miaka 19 aliogelea kilomita kadhaa katika mto Thames, akipita chini ya madaraja ya London.

Kuvuka kutoka Ulaya hadi Asia

Mwaka 1809 alisafiri kwenda nchi za Mediterania. Mwaka uliofuata manowari ya Uingereza aliyopanda ilitia nanga karibu na mlango wa bahari wa Dardanelles, katika Uturuki ya leo. Hapo Ulaya na Asia zinatazamana, na maji yanayozitenganisha yana upana wa zaidi kidogo ya kilomita moja. Hadithi za kale za Wagiriki zinamtaja kijana Leander, aliyekuwa akiogelea hapo kila usiku kumfuata mpenzi wake Hero, mpaka usiku mmoja dhoruba ikamuua. Byron alitaka kujua kama jambo hilo linawezekana.

Mwezi Aprili 1810 alijaribu akashindwa. Maji yalikuwa baridi mno na mkondo ulikuwa mkali, akarudi. Tarehe 3 Mei alijaribu tena pamoja na ofisa wa manowari, Luteni Ekenhead. Safari hii walifika, Byron akitumia saa 1 na dakika 10. Mkondo uliwasukuma pembeni kiasi kwamba walikadiria wamekwenda zaidi ya kilomita 6. Byron alikuwa na miaka 22. Maisha yake yote alijisifu kwa siku hiyo, hata kuliko kwa mashairi yake.

Sifa, aibu na uhamisho

Aliporudi nyumbani alichapisha shairi refu mwaka 1812, na jina lake likavuma ghafla. Lakini maisha yake ya nyumbani hayakuwa mfano wa kuigwa. Alioa mwaka 1815, na baada ya mwaka mmoja mkewe alikuwa ameondoka na mtoto. Kulikuwa na madeni na minong'ono mibaya juu ya mwenendo wake. Mwaka 1816 aliondoka Uingereza na hakurudi tena akiwa hai. Binti yake Ada hakumwona tena. Ada huyo alipokua aliandika maelekezo ya kuiongoza mashine ya kukokotoa, na leo anaheshimiwa kama mmoja wa waanzilishi wa programu za kompyuta, zile zinazoendesha hata simu unayoisomea makala hii.

Byron alihamia Italia. Mwaka 1818, katika mji wa Venice, alishindana kuogelea na wanaume wawili, kutoka kisiwa cha Lido hadi mwisho wa mfereji mkuu wa mji. Wenzake walitoka majini kabla yake. Yeye alikaa ndani ya maji kwa saa 4 na dakika 20.

Ghuba ya washairi

Kaskazini magharibi mwa Italia kuna ghuba kati ya Portovenere na Lerici. Upande wa Portovenere ni majabali yanayoingia wima baharini, na chini yake kuna mapango. Mwogeleaji akichoka hapo, pa kutokea ni pagumu, na wimbi huweza kumpigiza mwambani. Pango mojawapo linaitwa kwa jina la Byron, na wenyeji husimulia kwamba aliogelea kutoka hapo hadi ng'ambo. Hiyo tuichukue kama hadithi ya wenyeji. Kilichotokea kweli katika bahari hiyo ni msiba.

Mwaka 1822 mshairi mwenzake, Percy Shelley, alipanga nyumba ufukweni karibu na Lerici. Shelley aliipenda bahari kupita kiasi, lakini hakujua kuogelea. Rafiki yao Trelawny alisimulia kwamba siku moja alijaribu kumfundisha mtoni, Shelley akazama hadi chini na kulala pale bila kujitetea, mpaka akavutwa juu.

Tarehe 8 Julai 1822 Shelley alitoka bandari ya Livorno kwa mashua kurudi nyumbani, akiwa na rafiki yake Williams na kijana mmoja wa kazi. Dhoruba iliwakuta njiani. Maiti zao zilitupwa ufukweni baada ya siku kadhaa. Shelley alikuwa na miaka 29.

Sheria za afya za wakati huo zilitaka miili ichomwe palepale. Tarehe 16 Agosti, karibu na Viareggio, mwili wa Shelley uliwekwa motoni. Byron hakustahimili kutazama hadi mwisho. Aliingia baharini akaogelea hadi kwenye mashua yake iliyotia nanga mbali na ufuko. Jua la mchana lilimbabua ngozi.

Mwisho wake

Mwaka 1823 Byron alikwenda kuwasaidia Wagiriki waliokuwa wakipigania uhuru kutoka kwa utawala wa Waturuki, akitoa fedha zake mwenyewe. Hakufa vitani. Katika mji wa Missolonghi alinyeshewa mvua, homa ikampata, na madaktari wakamtoa damu nyingi kwa kudhani wanamtibu. Alifariki tarehe 19 Aprili 1824, akiwa na miaka 36. Ugiriki inamheshimu kama shujaa hadi leo.

Kwa nini tumewasimulia

Sababu ya kwanza ni ule mguu. Mtoto akizaliwa leo na mguu uliopinda, haina haja kuubana kwa mbao wala kumficha ndani. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca katika bahari hiyo hiyo ya Mediterania, alibuni njia ya kuunyoosha taratibu kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha viatu maalumu. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, wiki za mwanzo za maisha. Mzazi, uliza kituo cha afya kilicho karibu nawe bila kuchelewa.

Sababu ya pili ni maji. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Byron alirudi nyuma maji yalipomshinda, akangoja, akajaribu siku nyingine, tena akiwa na mwenzake. Shelley aliyapenda maji bila kuyajua. Ninyi mnaoishi kando ya mto, ziwa au bwawa mnajua tunasema nini. Mtoto anayepita hapo kila siku afundishwe kuogelea na mtu mzima anayejua, mahali pasipo na kina kirefu, kabla hajalazimika kujifunza peke yake.