Louis Seguin na Mtambo Uliozunguka

Mwaka 1869 alizaliwa katika nchi ya Ufaransa mtoto mmoja, jina lake Louis Seguin. Babu yake, Marc Seguin, alikuwa fundi mashuhuri, mjenzi wa madaraja yaning'iniayo kwa nyaya. Louis naye akashika kazi ya mitambo. Mwaka 1905 alianzisha kiwanda Gennevilliers, karibu na Paris. Hapo kwanza aliunda mitambo mizito ya kukaa mahali pamoja, kwa idhini ya kiwanda cha Wadachi cha mji wa Oberursel. Mtambo huo uliitwa Gnom. Louis akaliita shirika lake Gnome.

Siku zile eropleni zilikuwa changa. Mtambo wenye nguvu ulikuwa mzito, na maji ya kuupoza yakazidi kuulemeza. Usipopozwa, ulishika moto mno na kusimama huko huko angani. Louis na mdogo wake Laurent wakaligeuza jambo lote. Walipanga silinda 7 kwa duara, kama vyuma vya gurudumu la baisikeli. Mhimili wa katikati ukakaa kimya, na silinda zenyewe zikazunguka pamoja na rafadha, zikipozwa na upepo. Kila silinda ilichongwa katika kipande kizima cha chuma, hata ukuta wake haukufika unene wa milimita 2. Mtambo ulikuwa na nguvu za farasi 50, na uzito wa kilo 75 hivi.

Mwezi wa Agosti 1909, huko Reims, Henri Farman aliufunga mtambo huo katika eropleni yake, akaruka kilomita 180 kwa muda uliozidi saa 3, akatwaa tuzo. Tangu hapo kila rubani aliutaka.

Lakini ulikuwa na desturi zake. Petroli ilipita tumboni mwa mtambo, nayo huyeyusha mafuta mengi. Mafuta ya mbarika hayayeyuki nayo upesi. Basi mmea ule ule uotao kando ya njia za Kisarawe na Kibaha, ambao watoto hunyweshwa mafuta yake tumbo likifunga, ndio uliolainisha mitambo hiyo. Mafuta yalirushwa nje, yakampiga rubani usoni, na aliyeyameza alijua habari yake baadaye! Tena mtambo ulipaswa kufunguliwa mara kwa mara, masizi yakwanguliwe na valvu zilizo vichwani mwa pistoni zitazamwe. Fundi mvivu aliweza kumwua rubani.

Vita vilipotokea mwaka 1914, kiwanda kile cha Oberursel kilikuwa kimekwisha kununua idhini kwa Seguin. Hivyo maadui waliruka kwa mtambo mmoja. Februari 1915 Waingereza walileta eropleni mbili za Sopwith, zenye mitambo ya Gnome, katika kisiwa cha Niororo karibu na Mafia, ziitafute manowari Königsberg iliyojificha Rufiji. Joto la pwani likazishinda, zikakosa nguvu ya kupaa vema. Zikaletwa nyingine, na manowari ikaangamia tarehe 11 Julai 1915.

Louis Seguin alifariki mwaka 1918, vita havijakwisha. Baadaye mitambo isiyozunguka ilipata nguvu zaidi, ikautoa ule wake. Lakini hata leo wako watu waundao eropleni za namna ya kale kwa mikono yao wenyewe, nao huifungua mitambo ya Seguin, huikwangua, kisha huitia mafuta ya mbarika.